Orodha ya Jumanne

Kilio kilianza kabla Amiri Namtumba hajamaliza alichotaka kusema.

Alikuwa ametoka mbio kwenye kibanda chake cha redio nyuma ya nyumba, daftari mkononi, kandambili mguu mmoja. Alisimama katikati ya uwanja akapaza sauti: "Sufiani katajwa! Redio ya ng'ambo inasoma majina, Sufiani katajwa!" Mkewe, Tatu, alikuwa anamenya muhogo barazani. Alisikia "majina", akasikia "Sufiani", na hayo yalimtosha. Kisu kilikwenda upande wake na muhogo upande wake. Alijishika kichwa akapiga ukelele uliowatoa watu majumbani kitongoji kizima cha Chikwaya, nje kidogo ya Msimbati, ambako saa sita ya mchana wa Novemba mtu hatoki kivulini bila sababu.

Sababu ilijulikana. Siku kumi na saba zilikuwa zimepita tangu watu wenye silaha wauvamie mji mdogo ng'ambo ya Mto Ruvuma, upande wa Msumbiji. Sufiani Dadi, mume wa Mwanahamisi, binti pekee wa Amiri na Tatu, alikuwa huko akiuza sabuni na mafuta ya kula. Simu yake haikupatikana. Waliovuka kurudi walisema mji umeungua. Kwa siku kumi na saba watu wa Chikwaya walikuwa wamekiweka kilio kooni, na sasa ruhusa ilikuwa imetoka.

Mwanahamisi peke yake hakulia. Alitoka jikoni na mikono yenye unga, akapita katikati ya wanawake waliokuwa wakimshika mabega, akamwendea baba yake.

"Baba, hao waliosomwa ni kina nani? Ni waliokufa?"

Ukweli ni huu, na heri usemwe mapema: Amiri hakujua. Alipoyafikia masafa ya tisini nukta tatu, mwanamke wa redio ile alikuwa ameshaanza kusoma. Majina kumi na mawili yalipita kwa Kimakonde kilichonyooka, la kumi na tatu likawa "Sufiani Dadi, wa Chikwaya, Tanzania", safi kama mtu anayeitwa dirishani. Kisha sauti ikazama, redio ikabaki kukwaruza. Majina ya waliokufa, ya waliojeruhiwa, au ya wanaodaiwa kodi, hakusikia. Vituo vya mbali ndivyo vilivyo. Huja upepo ukilala na joto likikaa juu ya bahari, hudumu dakika tano au nusu saa, huondoka bila kuaga.

Angeweza kusema hivyo. Ni maneno mawili tu: mwanzo sikuupata. Lakini mwaka uliotangulia aliwahi kuleta habari za mnada wa korosho, akasema bei imepanda, akaulizwa imepanda hadi ngapi, akajibu kwamba hapo ndipo sauti ilipokatika. Wanaume walicheka hadi wakakohoa. Tangu siku hiyo jina lake likawa Nusu Habari. Watoto walimwita hivyo, muuza duka alimwita hivyo akimpimia sukari, na siku moja mkewe naye alimwita hivyo kwa kujisahau. Mtu wa miaka hamsini na sita, aliyejifunza mwenyewe kuipa redio ya gari bovu umeme wa sola, aliyefunga antena ya mbavu juu ya mwanzi mrefu na kusikia Zanzibar, Pemba ya Msumbiji na hata visiwa vya Komoro, akaishia kuitwa Nusu Habari.

Uwanja sasa ulikuwa umejaa. Wanawake walikuwa wameketi chini, khanga vichwani. Sheikh Athumani wa msikiti wa hapo alikuwa amefika, bado anahema, akainua mkono watu wanyamaze.

"Amiri, mjibu mwanao. Ni orodha ya waliokufa?"

Amiri aliwatazama. Muuza duka alikuwa mstari wa mbele, na Amiri aliona, au alidhani ameona, lile jina likimchezea yule bwana midomoni.

"Ndiyo," alisema. "Ya waliokufa."

* * *

Khitma ilisomwa siku ya tatu. Kwa kuwa maiti hapakuwa nayo, watu walikula, wakasoma, wakatawanyika mapema.

"Siku hasa aliyokufa hatuijui," Sheikh Athumani alisema. "Kwa tahadhari tutahesabu eda kuanzia siku ya habari. Miezi minne na siku kumi."

Mwanahamisi aliingizwa chumba cha uani nyumbani kwa wazazi wake, akavalishwa nguo nyeupe, akavuliwa hereni. Nyumba yake na Sufiani, ambayo ilikuwa hatua mia mbili kutoka pale, ilitiwa kufuli.

Ubaya wa jambo lile ni kwamba lilimletea Amiri heshima. Hakuna aliyemwita Nusu Habari tena. Muuza duka alimsalimia kwa kuinuka kitini. Watu wenye ndugu ng'ambo walikuja kumuomba awasikilizie, wakikaa pembeni mwa benchi lake kama wagonjwa kwa daktari. Amiri aliitikia, akaandika majina ya ndugu zao, na hakuwasikilizia.

Jumamosi alikuja Mwalimu Innocent. Huyu alikuwa mwenyeji wa Bukoba, mwalimu wa shule ya msingi, na ndiye mtu mwingine pekee katika pwani ile aliyekuwa na maradhi kama ya Amiri. Siku walipoinasa Komoro kwa pamoja walipeana mikono kama waliofunga goli. Alileta rambirambi yake katika bahasha na mita tano za waya wa antena, akatoa pole kwa Tatu, kisha akafuatana na mwenzake kibandani.

"Mzee wangu, hiyo tisini nukta tatu ilikaa muda gani?"

"Dakika kumi na mbili."

"Na mwanzo wa taarifa uliupata?"

Kati yao lilikuwa swali la kawaida. Walikuwa na sheria yao: kituo ambacho hukusikia jina lake, au taarifa ambayo hukusikia kichwa chake, huiandiki kuwa umeipata. Unaweka alama ya kuuliza. Walishabishana mara nyingi kwa ajili ya alama ile.

"Niliupata," alisema Amiri, akageuka kukaza skrubu ambayo haikuwa imelegea.

"Basi Jumanne tuitege tena. Labda wanasoma kila wiki. Nitaomba ruhusa shuleni."

"Hapana, Mwalimu. Kituo kile sikitaki tena masikioni mwangu."

Innocent alidhani ni uchungu. Ulikuwa uchungu kweli, ila haukuwa ule aliodhani. Kila Jumanne ilipokaribia saa sita Amiri alichukua panga akaenda shambani kupalilia mikorosho ambayo ilikuwa imeshapaliliwa.

Arobaini ilipofika waligawa nguo za marehemu, kama desturi ilivyo. Ramadhani, mdogo wake Sufiani, alichukua koti na viatu. Amiri alipewa shati la buluu la mikono mirefu, lile ambalo Sufiani alilivaa siku ya kuoa. Alitaka kulikataa, lakini anayekataa huulizwa kwa nini. Akalipokea, na Ijumaa akalivaa kwenda msikitini. Mwanahamisi alimwona kupitia dirisha la chumba cha eda akikatiza uwanja, mabega ya shati yakimning'inia. Hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza.

* * *

Mvua za Februari zililishinda paa la kibanda. Siku moja, Amiri akiwa shambani, Tatu aliona maji yanadondokea boksi la vifaa vya mumewe. Akalibeba akaliingiza mahali pakavu pa karibu, nacho kilikuwa chumba cha Mwanahamisi.

Eda ni kazi ya kukaa. Katika siku karibu tisini Mwanahamisi alikuwa ameshasoma kila kilichoandikwa katika chumba kile: juzuu, kalenda ya mwaka uliokwisha, maelezo ya mfuko wa salfa ya mikorosho, kipande cha gazeti kilichofungiwa dagaa. Aliliona daftari juu ya boksi akalifungua kwa njaa ya maneno tu.

Hakuwahi kulisoma, na mwanzoni lilimfurahisha. Mwandiko wa baba yake ulikuwa wa polepole, herufi zimesimama wima. *Zanzibar, nusu saa, safi. Lindi, kwa taabu. Komoro? Lugha yao, lakini jina la kituo halikusomwa. Mtwara mjini, hiyo si kazi.* Aliona jinsi kila penye shaka palivyotiwa alama ya kuuliza, na jinsi alama nyingine zilivyofutwa baadaye, kituo kilipojitaja. Baba yake alikuwa mkweli hata kwa mambo ambayo hakuna mtu angemuuliza. Akafungua Novemba.

*Jumanne, 12 Novemba. 90.3. Saa 6.10 hadi 6.22 mchana. Ng'ambo. Mwanamke anasoma majina, Kimakonde. Mwanzo sikuupata. Sufiani Dadi, wa Chikwaya, Tanzania. Sauti ikafa. Majina ya nini?*

Alisoma mara tatu. Kisha akapekua kurasa zilizofuata, Novemba, Disemba, Januari, akitafuta tisini nukta tatu. Themanini na nane ilikuwepo. Tisini na moja ilikuwepo mara sita. Tisini nukta tatu haikuonekana tena hata siku moja.

Amiri aliporudi alasiri alimkuta mkewe amesimama mlangoni mwa chumba cha uani, mkono mdomoni. Ndani Mwanahamisi alikuwa ameketi juu ya mkeka, daftari limefunguliwa mapajani.

"Baba, ingia. Nisomee hapa."

Amiri hakuhitaji kuinama ili ajue ni wapi.

"Mwanangu..."

"Nisomee. Macho yangu yamechoka kukaa gizani."

"Sauti ilikatika," alisema Amiri. "Nilitoka nije kusema hivyo. Mama yako akalia. Watu wakaja. Shehe akaniuliza mbele za watu wote wale."

"Mimi ndiye niliyekuuliza kwanza."

"Ndiyo."

"Nilikuuliza na unga mikononi. Ungeniambia mimi tu, sikioni."

Tatu alianza kusema kitu juu ya kudra ya Mungu. Mwanahamisi hakumtazama.

"Na baada ya hapo, baba? Jumanne zote hizi. Kituo si kipo? Antena si ipo? Kwa nini hukurudi pale hata mara moja?"

Amiri aliketi chini pale mlangoni, taratibu, kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka mzigo. "Niliogopa," alisema. "Niliogopa kusikia kuwa ni wafu kweli. Na niliogopa zaidi kusikia kuwa ni wazima."

"Kwa nini uogope kusikia mume wangu ni mzima?"

Jibu lilikuwa la aibu mno kulitamka: kwamba angetakiwa kusimama tena katikati ya uwanja, mbele ya muuza duka, na kusema.

* * *

Mwalimu Innocent alifika na simu yake ya kupangusa. Alipoambiwa alimtazama mwenzake kidogo tu, na Amiri angependelea kutukanwa. Alikitafuta kile kituo mtandaoni, akakipata, na namba ya simu ikawepo. Walipiga mara mbili bila kupokelewa. Mara ya tatu aliitika mwanamke, na Amiri aliitambua sauti kabla hajaambiwa.

"Zungumza wewe, Mzee," alisema Innocent, akaweka sauti ya nje. "Kimakonde sikijui."

Watu wanne walikuwa uwanjani: Innocent, Amiri aliyevaa lile shati la buluu, Sheikh Athumani aliyeitwa, na Ramadhani mdogo wake Sufiani. Wanawake walikuwa nyuma ya mlango. Amiri alisalimia, akajitaja, akauliza kuhusu majina ya Jumanne, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

"Orodha ya Jumanne?" alisema yule mwanamke. "Wale ni watu waliofika kambini, wanatafuta ndugu zao. Nasema hivyo kila nikianza."

"Si waliokufa?"

"Waliokufa hatuwasomi, baba. Nani angetuletea majina yao?"

Ramadhani alimgeukia Amiri. Sheikh Athumani alimshika Ramadhani mkono. Amiri akalitaja jina. Ilisikika karatasi ikipekuliwa, ng'ambo ya mto, polepole sana.

"Yupo. Sufiani Dadi, Chikwaya, Tanzania. Tumemsoma Novemba yote na Disemba yote. Januari ameondolewa."

"Ameondolewa kwa nini?"

"Huondolewa mtu akichukuliwa na ndugu zake. Au akihama mwenyewe. Au... Karatasi huletwa kutoka kambini, baba. Mimi ni msomaji tu."

Simu ilipokatika mlango ulifunguka. Mwanahamisi alitoka na nguo zake nyeupe, akasimama juani mbele ya wanaume. Sheikh Athumani aligeuza uso upesi.

"Mwanahamisi, binti yangu, uko edani."

"Eda ya nani, Shehe? Mume wangu yu hai. Kahama." Alikuwa akipepesa macho kwa mwanga. "Ramadhani, shemeji yangu, utakwenda lini?"

"Kesho," alisema Ramadhani. Kisha akamtazama Amiri, na kwa mara ya kwanza hakumwita mzee wala baba. "Na hilo shati la kaka yangu ulivue."

Amiri alilivua palepale. Alilikunja na kumpa, akabaki na fulana yenye matundu, na Mwalimu Innocent akajifanya anaangalia antena.

* * *

Ramadhani alikaa ng'ambo siku kumi na nne. Kitongoji kilikuwa na la kuzungumza. Wapo waliomcheka Amiri, na jina la zamani likarudi na nyongeza: sasa alikuwa Habari ya Uongo. Waliokuwa wamemwachia majina ya ndugu zao walikuja kuyachukua. Mmoja aliomba arudishiwe hata karatasi yenyewe, kana kwamba ingetumika vibaya.

Mwanahamisi hakuyasikia. Aliifungua nyumba yake, akafagia, akaanika godoro, akachoma ubani. Aliwatembelea waliogawiwa vitu vya Sufiani mmoja mmoja, akaviomba. Wengi walivirudisha. Mzee mmoja alikuwa ameshaikata suruali kuwa kaptula. Aliitoa hivyohivyo kwa aibu, naye akaipokea na kushukuru. Alikuwa anacheka peke yake njiani, na mama yake alipomwona anacheka alitamani kumwambia asicheke sana, lakini hakuthubutu.

Hakuzungumza na baba yake. Alimwamkia asubuhi kwa kuwa shikamoo ni wajibu, akapita.

Ramadhani alirudi Jumamosi, mchana mkavu kati ya mvua mbili. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, na alichokuwa nacho kilikuwa begi lake tu. Mwanahamisi alikuwa uwanjani kwa wazazi wake akichota maji. Aliitazama njia nyuma ya shemeji yake, akaitazama tena, kisha akaitua ndoo.

"Keti, shemeji," alisema Ramadhani.

"Nimesimama vizuri."

"Tarehe kumi na mbili Januari. Kipindupindu kiliingia kambini. Siku mbili tu." Alikuwa akitazama mchanga. "Alikoshwa, akasaliwa. Kaburi nimeliona. Limewekewa kibao."

Sheikh Athumani aliitwa, akaja na Mwalimu Innocent aliyekuwa amemkuta njiani. Tatu alikuwa ameketi na uso ndani ya khanga. Amiri alisimama kando ya nguzo ya baraza. Hakuna aliyemwambia aketi na hakuna aliyemwambia aondoke.

"Miezi miwili," alisema Mwanahamisi. "Alikuwa hai miezi miwili. Kwa nini hakurudi? Wengine si walirudi?"

Ramadhani aliinama kuliweka begi chini.

"Sema, shemeji. Nimechoka kuachiwa vipande."

"Kulikuwa na lori mwezi wa Disemba. Liliwachukua Watanzania hadi mtoni. Walimwambia apande, akakataa." Ramadhani alijifuta uso kwa kiganja. "Nilizungumza na mzee aliyelala naye hema moja. Simu ya Sufiani iliungua na namba zote, ikabaki redio. Anasema kila Jumanne Sufiani alikuwa anakaa karibu na redio ya kambi mpaka jina lake lisomwe. Likisomwa anasema: 'Limefika hilo. Baba mkwe wangu ana antena, hakuna kituo kinachompita.' Ndiyo maana aliandikisha na Chikwaya na Tanzania, ili msikilizaji asikosee. Lori lilipokuja alisema, 'Nikiondoka watanikosa njiani. Watakuwa wameshatoka kunifuata.'"

Kuku mmoja alipanda juu ya ndoo akanywa maji, hakuna aliyemfukuza. Amiri aliishika nguzo kwa mikono miwili. Sauti iliyomtoka haikuwa neno.

Sheikh Athumani alikohoa. Alikuwa mtu mwema, na watu wema wakikosa la kusema hushika sheria. "Binti yangu," alisema, "eda ya kufiwa huanza siku mume aliyokufa, si siku mke aliyopata habari. Kwa hiyo zimeshapita siku arobaini na moja. Zinahesabika, hata hizi ulizotoka nje, kwa kuwa hukujua. Mungu amekupunguzia."

"Zihesabiwe kwa nani?"

"Kwa marehemu mumeo."

"Hapana, Shehe." Alisema kwa upole, kama anayemsahihisha mgeni aliyekosea nyumba. "Siku zile nimekalia neno la baba. Nilizianza yeye akiwa kambini ananingoja, na mimi huku nimevaa nyeupe, nakula uji. Siwezi kumpa mume wangu siku zile."

"Sheria haikulazimishi..."

"Najua hainilazimishi. Naanza leo. Moja."

Alikwenda chumba cha uani akachukua zile nguo nyeupe na mkeka. Hakuketi pale. Alitoka uwanjani kuelekea nyumbani kwake, na Tatu akainuka akamfuata, akijikwaa. Amiri naye aliiachia nguzo akapiga hatua mbili nyuma yao.

Mwanahamisi aligeuka. "Wewe baki, baba. Watu watakuja kuuliza. Waambie wewe. Uanzie mwanzo."

Akabaki. Mwalimu Innocent alitaka kukaa naye, akaona hajui akae wapi, akaaga. Ramadhani alikwenda kwa mama yake, ambaye alikuwa bado hajaambiwa. Kutoka nyumba ya hatua mia mbili ukasikika ukelele wa Tatu, mmoja, kisha wa pili. Milango michache ilifunguka, watu wakasikiliza, wakaulizana, na wengi wakarudi ndani. Walikuwa wameshamlilia Sufiani mwezi wa Novemba, wameshatoa rambirambi, wameshakula khitma yake.

Muuza duka ndiye aliyekuja. Alisimama mwisho wa uwanja, mikono nyuma.

"Nasikia kilio, Amiri. Nani kafa?"

"Sufiani."

"Sufiani yupi? Huyu si alishakufa?"

"Hapana," alisema Amiri. "Siku ile alikuwa hai. Nilidanganya. Keti nikueleze."

Muuza duka alilitazama benchi, akatazama njia ya kurudi dukani kwake. Hakuketi. Amiri alianza kumweleza hivyohivyo, amesimama.